Chuo Kina Hela au Hakina? Namna ya Kusoma Hesabu za Chuo Kikuu cha Umma

Wanachuo wenzangu, kila semista ikianza huwa zinazunguka tetesi mbili. Ya kwanza inasema chuo hakina hela: ndiyo maana walimu wa muda hawajalipwa, maabara haina kemikali na vyoo vya bweni vimefungwa tangu mwaka jana. Ya pili inasema chuo kina hela nyingi tu ila wakubwa wanazila, na ushahidi unaotolewa ni jengo jipya linalopakwa rangi karibu na geti. Nimezisikia zote mbili tangu mwaka wa kwanza, na sasa niko wa tatu. Ubishi huwa mkali, hasa kwenye foleni ya chakula, lakini sijawahi kumwona mtu amekuja na karatasi ya hesabu mkononi.

Nasomea ualimu wa masomo ya biashara. Mungu akipenda, muda si mrefu nitasimama mbele ya watoto wa kidato cha tatu nikiwafundisha kufunga vitabu vya hesabu. Basi nimeona nianze na ninyi. Makala hii ni somo: tunapimaje afya ya kifedha ya chuo kikuu cha umma? Nitajaribu kuonyesha kwamba jengo jipya na choo kilichofungwa vinaweza kukaa katika hesabu za mwaka mmoja bila mtu yeyote kuiba hata shilingi. Kwangu mimi hilo ni tatizo gumu kuliko wizi, maana mwizi angalau anakamatwa.

Hati safi si cheti cha afya

Tuanze na neno ambalo hata viongozi wetu hulitumia vibaya. Chuo kikipata hati safi, inatangazwa kwenye mahafali na watu wanapiga makofi kana kwamba mgonjwa ameruhusiwa kutoka wodini. Hati hiyo hutolewa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ambaye kazi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba. Mwaka wa hesabu unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. CAG humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, kisha Aprili zinawasilishwa bungeni, na vyuo vikuu vya umma utavikuta kwenye kitabu kile cha mashirika ya umma.

Hati safi inasema jambo moja: hesabu zilizoandikwa zinaonyesha hali ilivyo bila upotoshaji mkubwa, na zimefuata viwango. Haisemi kwamba hali yenyewe ni nzuri. Mtu akipimwa malaria vizuri na majibu yakaandikwa vizuri, karatasi ya maabara ni safi kabisa, ila mwenyewe bado anatetemeka chini ya blanketi. Chuo kinachodaiwa mabilioni kinaweza kupata hati safi kwa sababu tu kimeandika deni lake lote bila kuficha. Hati yenye shaka au hati chafu ni mbaya zaidi, sawa, lakini ubaya wake ni kwamba hapo hata ugonjwa wenyewe huujui.

Kwa hiyo ukurasa wa hati usome kwa dakika mbili, halafu geuza. Mbele kuna mizania, inayoonyesha chuo kina nini na kinadaiwa nini siku ya 30 Juni. Kuna taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka mzima. Kuna taarifa ya mtiririko wa fedha, yaani hela taslimu iliyoingia na kutoka. Kuna taarifa inayolinganisha bajeti na kilichotumika kweli. Mwisho kuna kurasa nyingi za maelezo zenye maandishi madogo ambazo watu huziruka. Uhondo wote uko humo.

Stakabadhi haijawa hela

Mimi kwetu ni Ruponda, kati ya Nachingwea na Ruangwa, na huko hakuna asiyejua stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka ufuta, mbaazi au korosho zake AMCOS. Zinapimwa, anapewa karatasi. Mzigo unakwenda ghala kuu, chama kikuu cha RUNALI kinauingiza mnadani, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, kinachobaki kinaingia benki kwa mkulima. Kati ya mizani na benki kuna siku kadhaa za kusubiri. Msimu wa 2018 bei za mnadani zilipogomewa, Serikali iliamua mwezi Novemba kununua korosho yote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mkulima mwenye karatasi ya kilo 800 alikuwa, kwa hesabu, na shilingi 2,640,000. Lakini ukienda nayo dukani, mwenye duka hatakupa kiberiti kwa karatasi. Atakuandika kwenye daftari.

Vyuo vikuu vyetu vinaandika hesabu namna hiyo hiyo. Mwaka 2012 Tanzania ilianza kuhamia kwenye viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma vinavyotaka mapato yaandikwe pale haki ya kuyapata inapotimia. Mwanafunzi akisajiliwa, ada yake inaingia kwenye mapato ya mwaka hata kama hela haijafika. Isipofika hadi 30 Juni, inakaa kwenye mizania upande wa mali, chini ya jina "wadaiwa". Yaani ni stakabadhi.

Sipingi mfumo huu, na ninyi msiupinge. Mfumo wa zamani wa kuhesabu hela taslimu tu ulificha madeni: chuo kilichokopa vyakula, karatasi na umeme mwaka mzima bila kulipa kilionekana kina nidhamu ya matumizi. Ninachosema ni kwamba neno "ziada" kwenye taarifa ya mapato na matumizi lisikupumbaze. Ziada inaweza kuwa rundo la stakabadhi.

Tufanye mfano. Namba hizi ni zangu za kufundishia, msimtafute mwenye nazo. Tuseme chuo kina mali za muda mfupi za shilingi bilioni 12 na madeni ya muda mfupi ya bilioni 8. Kanuni ya darasani ni kugawa mali kwa madeni: 12 kwa 8 unapata 1.5. Kwa kila shilingi inayodaiwa kuna shilingi moja na nusu ya kulipia. Mtihani ungeishia hapo, ungepata alama zako zote na kwenda kulala.

Sasa fungua maelezo ya ziada. Katika zile bilioni 12, bilioni 9 ni wadaiwa na bilioni 3 tu ndizo ziko benki. Tazama umri wa hayo madai, maana maelezo huonyesha: yapo ya miezi mitatu, yapo ya mwaka, yapo ya watu waliohitimu zamani na sasa wana watoto shuleni. Ukihesabu hela ya benki peke yake, 3 kwa 8 ni 0.375. Chuo kile kile, siku ile ile, kwa kila shilingi kinayodaiwa kina senti 37 na nusu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha siku. Hela ikikatika leo, chuo kitaishi siku ngapi? Chukua matumizi ya mwaka, toa mishahara inayolipwa moja kwa moja na Hazina, gawa kwa 365. Tuseme baada ya kutoa mishahara matumizi ni bilioni 24. Kwa siku ni kama milioni 65.75. Bilioni 3 zilizoko benki zitatosha siku 45. Si haba. Lakini rudi tena kwenye maelezo: je, hiyo bilioni 3 ni ya chuo kweli? Mara nyingi humo ndani kuna hela za miradi ya utafiti ambazo mfadhili amezifunga kwa kazi yake, na kuna amana za watu. Kama bilioni 1.8 ni za miradi, chuo kina bilioni 1.2, sawa na siku 18. Kule Uingereza msimamizi wa vyuo anataka chuo kimpe taarifa kikiona hela yake ya kuendeshea itashuka chini ya siku 30. Na huko si kwamba wako salama: Novemba 2024 msimamizi huyo alitoa makadirio kwamba, bila hatua kuchukuliwa, hadi asilimia 72 ya vyuo vingeweza kuwa na nakisi mwaka 2025/26.

Kwetu siku 18 maana yake nini? Maana yake ni wewe. Binti tuliyesoma naye sekondari, sasa yuko chuo kingine, alizuiwa mlangoni kwa chumba cha mtihani kwa sababu ada yake ilikuwa haijafika. Kwenye vitabu vya chuo ada hiyo ilishaandikwa kuwa mapato siku alipojisajili. Chuo hakikumzuia kwa roho mbaya. Kilikuwa kinatafuta hela taslimu, na mwanafunzi ndiye mdaiwa wa karibu kuliko wote, anayefikika kwa kufunga mlango tu. Ndiyo maana nasema haya mambo si ya wahasibu peke yao.

Mfuko mmoja, milango miwili

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Vuteni viti.

Chuo kikuu cha umma Tanzania kinapata hela kwa njia hizi. Serikali inalipa mishahara ya watumishi walioajiriwa, na hiyo inakwenda moja kwa moja kwa watumishi. Inatoa fungu la matumizi mengineyo, ambalo wenyewe huliita OC: linanunua chaki, kemikali, dizeli ya jenereta, na ndilo linalozibua vyoo. Inatoa fedha za maendeleo kwa majengo na mitambo. Halafu kuna mapato ya ndani: ada, utafiti, ushauri wa kitaalamu na pango. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kilikodisha ardhi yake kwa mwekezaji kutoka Botswana kwa mkataba wa miaka 50, na hapo ndipo palipojengwa Mlimani City. Mkataba huo umehojiwa mara kadhaa kwenye kamati za Bunge kuhusu kiasi ambacho chuo kinapata.

Sasa viongozi wa vyuo wanapenda kusema, "Tumeongeza mapato ya ndani, hatutegemei tena ruzuku." Tupime kauli hiyo. Tuseme katika kila shilingi 100 zinazoingia, 60 ni ruzuku, 30 ni ada, na 10 ni utafiti, ushauri na pango. Kwenye ripoti itaandikwa mapato ya ndani ni asilimia 40. Lakini hiyo ada ya 30 inalipwa na nani? Wengi wetu tunasomeshwa na Bodi ya Mikopo. Kama 20 kati ya hizo 30 zinatoka Bodi, na Bodi yenyewe inapata fedha Serikalini na kwenye marejesho inayokusanya chini ya sheria ya Serikali, basi shilingi 80 kati ya 100 zinatoka kwenye mfuko mmoja. Zimepitia milango miwili tofauti tu. Siku mfuko huo ukibanwa, milango yote miwili inafungwa kwa pamoja, na ile "mapato ya ndani" iliyotakiwa kuwa mto wa kuangukia inaanguka nayo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilipoanza 1961, na kwa miaka mingi baadaye, mwanafunzi alisomeshwa na Serikali. Uchangiaji wa gharama ulianza 1992. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Toka hapo ada ya wengi wetu inapitia mlango huo wa pili, na mlango umezidi kupanuka: bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 570 mwaka 2021/22, ikawa bilioni 654 mwaka uliofuata, na 2024/25 ilifika bilioni 787. Nawashukuru walipa kodi, nami ni mnufaika, na bumu nalipokea kama ninyi. Lakini unapopima chuo, usihesabu mfuko mmoja mara mbili.

Je, kutegemea Serikali ni ugonjwa? Binafsi sioni hivyo. Ni chuo cha umma, mwenye nacho ni umma, na mtoto wa mkulima wa Ruponda hawezi kulipa gharama halisi ya kumsomesha mwalimu wa fizikia kwa mbaazi. Wanaosema chuo "kijitegemee" mara nyingi wanamaanisha wewe ulipe zaidi. Ugonjwa uko kwenye pengo kati ya kilichoahidiwa na kilichotolewa, na kati ya tarehe iliyoahidiwa na tarehe hela ilipofika. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kusoma ukurasa mmoja tu wa hesabu za chuo, soma ule wa ulinganisho wa bajeti na matumizi halisi. Mstari wa mishahara utaukuta unakaribiana, kwa sababu mshahara ukicheleweshwa kuna vurugu. Weka kidole kwenye mstari wa matumizi mengineyo. OC ndiyo rahisi kupunguzwa kwa sababu choo hakigomi.

Walikopita majirani

Kenya ni darasa zuri, na nalisema bila kuwacheka, maana tunaweza kuwafuata.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo sambamba kwa wanafunzi wa kujilipia. Vyuo vingine vikafuata. Hela ikaingia kweli: vyuo vikaajiri, vikafungua matawi mijini, hata kwenye majengo ya kupanga. Kwenye hesabu za wakati ule vyuo hivyo vilionekana vimepona ugonjwa wa kutegemea ruzuku. Kumbe afya yote ilikuwa imesimama juu ya kitu kimoja: kila mwaka kuwe na vijana wengi wenye sifa kuliko nafasi za Serikali.

Halafu ukaja udhibiti wa wizi wa mitihani. Mtihani wa kidato cha nne wa 2015 ulikuwa na watahiniwa kama 169,000 waliopata C+ na zaidi, ambacho ndicho kiwango cha kuingia chuo kikuu. Wa 2016 wakashuka hadi kama 89,000. Nafasi za kudhaminiwa na Serikali zikatosha wote, na baadhi wakapelekwa hata vyuo binafsi kwa hela ya Serikali. Wa kujilipia wakayeyuka. Watumishi walioajiriwa kwa ajili yao walibaki, na pango la matawi lilibaki.

Serikali nayo ilikuwa imeahidi, kwa mfumo mpya wa kukokotoa gharama ya kila kozi, kwamba italipa asilimia 80 ya gharama hiyo. Haikuifikia. Ada ya mwanafunzi wa Serikali ilikuwa imegota kwenye shilingi 16,000 za Kenya tangu 1989. Vyuo vikafanya nini? Tofauti na kwetu, kule chuo hupokea fungu na kulipa mishahara chenyewe. Basi kikawa kinamlipa mhadhiri mshahara wa mkononi, ila makato ya kodi, pensheni na ushirika wake wa akiba hayapelekwi. Ukifungua mizania unayakuta humo: chuo kimejikopesha kutoka kwa watumishi wake bila kuwaomba. Ukiona dalili hiyo kwenye chuo chochote duniani, usihitaji kanuni nyingine. Kufikia 2023 madeni ya vyuo vikuu vya umma nchini humo yalikuwa yanatajwa kupita shilingi bilioni 60 za Kenya. Mwezi Mei mwaka huo Rais Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili unaompima mwanafunzi kwa uwezo wa familia yake. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba, na kesi haikuishia hapo. Wakati hayo yakiendelea, mwaka huo huo wa 2024 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi waligoma kwa miezi, na wanafunzi wakakaa nyumbani.

Makerere walitangulia njia hiyo, wakianza kupokea wanafunzi wa kujilipia kwa wingi miaka ya 1990. Hela iliongezeka, wanafunzi wakaongezeka zaidi ya hela. Novemba 2016 wahadhiri waligoma kudai malimbikizo ya posho, na Rais Museveni akakifunga chuo. Kilifunguliwa Januari 2017.

Angalieni kitu kimoja katika habari hizi zote. Hakuna chuo kilichofutwa. Hapa kwetu TCU mwaka 2017 ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vilikuwa vingi wao vya binafsi. Chuo cha umma hakifungwi kwa kukosa hela. Marekani wana alama maalumu ya kupimia afya ya fedha za vyuo binafsi, kuanzia hasi 1 hadi 3, na aliye chini ya 1.5 anawekwa kwenye uangalizi. Vyuo vya umma havipimwi kwa alama hiyo kwa sababu vina mdhamini, ambaye ni serikali. Wazo hilo lina mantiki pale mdhamini anapolipa kwa wakati. Asipolipa, chuo hakifi, kinapungua. Darasa la watu 60 linakuwa la 400. Mazoezi ya kufundisha yanafupishwa. Mwalimu mmoja anasahihisha vitabu mia tatu na anaacha kutoa majaribio ya kuandika, anatoa ya kuchagua. Hakuna mstari wa mizania unaoandika upungufu huo.

Jengo linaloleta ziada

Nirudi kwenye jengo la getini. Serikali ina mradi wa elimu ya juu unaoitwa HEET, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa 2021. Unajenga maabara, madarasa na kampasi nchi nzima, na sisi wa Lindi tumo: ndio unaoipa mkoa wetu kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Ngongo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Wadogo zangu watasoma chuo kikuu cha umma bila kuvuka Rufiji.

Lakini tazama hesabu zinavyokwenda. Chuo kikipewa fedha za jengo na kutimiza masharti yake, fedha hizo zinaandikwa kuwa mapato. Jengo lenyewe si matumizi ya mwaka huo, ni mali. Kwa hiyo mwaka wa ujenzi taarifa inaonyesha ziada nono, ingawa hakuna hata shilingi ya ziada ya kununulia balbu. Miaka inayofuata hakuna tena fungu la ujenzi, kuna uchakavu wa jengo unaoandikwa kila mwaka, kuna umeme, walinzi, wafagizi. Ziada inageuka nakisi bila mtu kubadilisha tabia. Ndiyo maana tetesi zetu mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja: bilioni za jengo zipo, na hela ya choo haipo, kwa kuwa fedha za mradi haziruhusiwi kuzibua choo cha zamani.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua kiasi kilichotumika kukarabati na kutunza majengo mwaka huo, linganisha na uchakavu ulioandikwa kwenye hesabu. Kama uchakavu ni bilioni 4 na matengenezo ni milioni 300, chuo kinakula majengo yake. Kinakula polepole, na kila kundi linalohitimu linaondoka na kipande.

Watu wa kwetu tumeuona mchezo huu kwa ukubwa wake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matingatinga, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli hadi Nachingwea. Januari 1951 mpango ukaachwa, na serikali ya Uingereza ikafuta zaidi ya pauni milioni 36 vitabuni. Reli iling'olewa baada ya uhuru. Karanga zilikuwa na matatizo yake, udongo na mvua, siyasemi hapa. Ninachokiangalia mimi kama mwanafunzi wa hesabu ni kwamba fedha za kujenga zilipatikana upesi kuliko jibu la nani ataendesha kilichojengwa, kwa mapato yapi, mwaka wa kumi. Kampasi mpya za leo zinastahili kuulizwa swali hilo sasa hivi, kabla rangi haijakauka: fungu lao la matumizi mengineyo limetengwa? Au watagawana lile lile la kampasi mama?

Sasa tufanyeje

Serikali yetu ya wanafunzi ina uwakilishi kwenye Baraza la Chuo, na hesabu zilizokaguliwa hupita mbele ya Baraza hilo. Mwakilishi wetu hupewa kabrasha. Namwomba kwa heshima, kaka yangu, safari hii asirudi na taarifa kwamba "tumepata hati safi". Arudi na umri wa madai: ada zisizolipwa ni za lini na za nani. Arudi na hela ya benki baada ya kutoa ya miradi, tuigawe wenyewe kwa siku. Kwenye ulinganisho wa bajeti aulize OC iliyoidhinishwa na iliyopokelewa, na mwezi iliyopokelewa, kwa sababu hela ya Septemba iliyofika Juni inaonekana kwenye hesabu kuwa imefika tu. Akiambiwa mapato ya ndani yamepanda, aulize ni kiasi gani kati yake kimepitia Bodi ya Mikopo. Na kama menejimenti itakuja na pendekezo la kuongeza michango ya wanafunzi, majibu ya maswali hayo yawe mezani kabla ya kura. Inawezekana kabisa yakaonyesha kwamba michango inahitajika. Inawezekana pia yakaonyesha kwamba tunaombwa kuziba pengo la stakabadhi za mtu mwingine.

Ripoti ya CAG ya mashirika ya umma ikitoka Aprili nitaichapisha sehemu ya vyuo vikuu, kurasa zenyewe si nyingi. Anayetaka tusome pamoja aje na kalamu na kikokotoo, Jumamosi ya kwanza baada ya ripoti kutoka, saa nne asubuhi, pale kwenye mabenchi nyuma ya maktaba. Wa uhandisi mnakaribishwa pia, ila mtakaa nyuma mpaka mjue tofauti ya mali na mapato.